Fomu ya Mtoto wa Waya

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi redio, ambaye sote tunamwita Waya. Asubuhi hukaa hapo kinyozi, mlinzi mstaafu tunayemwita Kamanda, na mimi mwandika mabango, birika la kahawa likiwa katikati yetu. Leo Waya hakugusa redio hata moja. Mtoto wake wa miezi mitano ana pumu ya ngozi: mashavu yamechubuka, mikunjo ya mikono inatoa maji, na amevishwa soksi mikononi asijikune mpaka damu. Nesi amempa Waya fomu ya maswali, irudi kliniki kabla ya saa sita. Watamtoa mtoto damu mara moja tu, wapime alama za kinga ya mwili, kisha walinganishe na majibu ya fomu ndipo daktari aamue la kufanya. Nikapewa kalamu mimi, eti nina mwandiko mzuri. Ningejua ningeuficha.

— Alizaliwa na kilo ngapi? nikasoma.

— Tatu, akasema Waya. Au tatu na nusu.

— Andika saba, akasema Kamanda. Nilimbeba juzi, mzito yule.

— Kamanda, wanauliza siku ya kuzaliwa.

— Kilo ni kilo.

Nikaandika tatu, nikafuta, nikaandika tatu na nusu. Swali la pili liliuliza kama mama au baba aliwahi kuwa na pumu, mafua ya vumbi au ngozi ya namna hii utotoni. Waya akasema yeye hapana. Kuhusu mkewe, akakuna kichwa. Kinyozi, ambaye hujiona nusu daktari kwa vile ameshika vichwa vingi, akatangaza kwamba ngozi hairithiwi, kinachorithiwa ni upara. Wakaniamuru niandike "hapana" kwa wote wawili.

Tukafika kwenye antibiotiki: je, mtoto alipewa yoyote kabla ya miezi mitatu? Waya alikumbuka chupa ya dawa ya pinki. Kinyozi akasema ya pinki ni vitamini siku zote. Kuhusu kuoga, kinyozi alidai mtoto ameoshwa mno, Kamanda akadai hajaoshwa vya kutosha, basi wakapiga kura. Kura kweli, kwa kunyoosha mikono, juu ya ngozi ya mtoto wa mtu.

— Mnababaisha, akasema Kamanda. Kinga ni askari. Huyu mtoto ana askari wengi wasio na kazi, sasa wanapiga raia.

— Na nani amewachokoza? akauliza kinyozi. Mawimbi. Waya anashinda na redio, mawimbi yanaganda kwenye shati, akirudi anambeba mtoto.

Waya, maskini, akalitazama shati lake akaanza kufungua vifungo. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia kinyozi aache upuuzi, mwenzake hajala vizuri wiki nzima kwa mawazo. Akanijibu niandike, sikuitwa kutoa maoni. Na mimi, mjinga, nikaandika mawimbi pembeni mwa karatasi, kwa herufi nzuri kabisa.

Mama mmoja aliyefuata redio yake alikuwa amesimama muda wote akitusikiliza. Akauliza mtoto ni wa nani. Waya akanyoosha mkono.

— Mama yake yuko wapi?

— Nyumbani.

— Ni mbali?

Waya akaonyesha mlango wa bluu ng'ambo ya barabara, hatua thelathini hivi. Dirisha lilikuwa wazi. Tulimsikia shemeji akimbembeleza mtoto, na mtoto akilia kile kilio cha kuchoka.

— Sasa yeye anasemaje?

Kinyozi akajimiminia kahawa. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu saa nzima na swali hilo halikunijia akilini hata kidogo, na niliona aibu.

Waya akainuka, akaichukua fomu mikononi mwangu bila kuniangalia. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akitafuta pa kuandika atakachosema mkewe. Ilikuwa saa tano na nusu, na karatasi yote ilikuwa imejaa majibu yetu.