Mwalimu Asegelile na Kamba Iliyorefuka

Baada ya miaka kumi na minane katika shule yetu ya misheni, Mwalimu Asegelile anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1913. Anarudi kwao Ikolo kulima mpunga, na migomba yake imeshaanza kumwita.

Alianza kwa kufundisha kusoma na hesabu, ila kilichompa jina ni somo la vitu kuvutika. Alining'iniza kamba kwenye boriti ya darasa, akafunga mawe mwishoni, na wanafunzi wakapima imerefuka kiasi gani. Kisha mawe yaliondolewa. Kamba ikirudi urefu wake, ni nzima. Ikibaki ndefu, imechoka. Mikononi mwake hakikupona kitu: nyuzi za nyavu, ngozi, hata mikanda ya mpira ya kushikilia suruali ya mchungaji. Mikanda ilirudi mirefu kuliko ilivyotoka, na Jumapili ile mchungaji alihubiri mkono mmoja ukiwa kiunoni. Tulicheka mpaka tukaonywa.

Pasaka ya mwaka 1902 hatukucheka. Mto ulikuwa umefurika, na watoto wetu walitakiwa kuvuka kwenda kubatizwa. Mtumbwi wa kivuko huvutwa kwa kamba iliyofungwa ukingo hadi ukingo, na kamba yenyewe ilikuwa imetoka kuburuta gogo kutoka msituni. Ilikuwa imerefuka. Wazee walifurahi: kamba imekua bure, sasa inafika kwenye mti imara zaidi ng'ambo!

Mwalimu akakataza watoto wasipande. Naomi, ambaye wanawe watatu walishavaa kanzu nyeupe, alimjia juu mbele ya watu kwamba anawanyima ubatizo kwa ajili ya mchezo wake wa mawe. Wengine walitaka afukuzwe kazi siku hiyohiyo. Yeye aliomba jambo moja tu: mtumbwi upakiwe mawe badala ya watoto, uvutwe kutoka ng'ambo bila mtu ndani.

Katikati ya mto kamba ilikatika. Mtumbwi ulipinduka na hatukuuona tena. Nilikuwepo. Naomi alikaa mchangani akalia, kisha akamshika mwalimu mikono yote miwili, akirudia kumshukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo, mwalimu, ndaga fijo," yaani asante sana. Maji yalipopungua, watoto wakabatizwa.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi yako na kwa ukaidi wako. Watoto wale watatu wa Naomi wamekaa nasi hapa, wakubwa sasa, na mmoja amembeba mwanawe mgongoni. Nenda salama, uishi siku nyingi na njema, hata mtoto huyo naye aje Ikolo kukuamkia.