Duara Katika Ngano ya Shangazi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Kinyozi. Asubuhi hukaa watu wanne, birika moja la kahawa, na maoni yasiyo na idadi. Wiki hiyo tulikuwa na jambo zito. Jumatatu alfajiri Shangazi, mjane anayelima nyuma ya nyumba zetu, alikuta ngano yake imelala chini kwa duara, safi, bila alama ya mguu. Kufika Alhamisi kahawa ilikuwa inatuishia mapema kila siku.

Profesa, fundi wa redio, ndiye aliyeanza.

— Ni chombo cha angani. Kilishuka, kikapumzika, kikaondoka.

— Kipumzike kwa Shangazi? akasema Kinyozi. Hata mbwa hathubutu.

— Nimepima mwenyewe! Nimechomeka kigingi pembeni pale, nikafunga kamba, nikazunguka nayo mara tatu. Hesabu zile si za binadamu.

— Wacha hesabu, akasema Kinyozi. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Ile ni pete. Shamba limechumbiwa.

— Na nani?

— Na jini. Tena mwenye uwezo, pete yenyewe si unaiona? Jana nimelala kule, sikio chini, nikabiringika huku na huku kuitafuta sauti. Nikasikia mtu anakoroma.

— Ulikuwa wewe.

— Mimi sikoromi nikiwa kazini!

Karani, mstaafu wa mahakama, akaweka kikombe chini.

— Nyote hamna ushahidi. Mimi nimeigiza tukio. Nimechukua ubao, nikaukanyaga nikizunguka, nithibitishe kwamba mtu hawezi.

— Ikawaje?

— Ikatoka vizuri. Lakini mimi nina uzoefu.

Sikuwacheka sana. Jana yake nilikuwa nimewapeleka shemeji zangu sita kutazama, na mmoja alikuja na baiskeli.

Ndipo Shangazi akatokea, kanga kaifunga kiunoni. Tukasimama wote.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba. Kesho mashine ya kuvuna inakuja. Dereva kapita kuangalia, anasema haiokoti ngano iliyolala, hiyo ikatwe kwa mundu leo leo. Na mvua hiyo mnaiona. Ule ndio unga wangu na wajukuu mwaka mzima.

— Pole sana, Shangazi, akasema Profesa. Hao wa angani hawana utu.

— Wa angani sina ugomvi nao. Jumatatu walinilazia duara moja. Leo nimekuta manne, na njia pana ya kuingilia. Hayo matatu na hiyo njia, wanangu, ni ya nani?

Profesa akakohoa. Kinyozi akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mimi nilitafuta methali, hata ya kupotosha, nikaikosa. Niliona haya, nasema kweli. Mama huyu alishawahi kuninyang'anya kisu nikiwa na miaka mitatu.

Mwishowe Karani akauliza, kwa sauti ya mshtakiwa:

— Shangazi, una miundu mingapi?

— Minne, akasema. Nimeshainoa.