Vioo Kumi na Viwili vya Jumba la Wasafiri

Mheshimiwa Komiseri wa Zone. Wananchi viongozi wa Chama. Wakubwa wa reli na wa mto. Wamama na wababa wa Kindu, mliokuja kwa wito na ninyi mliokuja kwa bia:

Nimepewa heshima ya kusema machache leo tunapofungua upya Jumba hili la Wasafiri, na wanaonijua wameshatafuta viti. Niruhusuni nianze na swali. Mzee akipoteza meno, mtamtia meno ya kijana mkasema amepona? Basi kwa nini ukuta wa kale utiwe kioo kipya cha kiwanda, kilichonyooka kama amri, kinachoufanya uso mzima wa nyumba uonekane kipofu? Kioo cha wajenzi wa kwanza kilipulizwa kwa pumzi ya binadamu. Kina mawimbi, kina viputo, na mwanga ukipita ndani yake hutetemeka kama mto wetu Lualaba asubuhi. Niliyaandika hayo katika kurasa thelathini na moja, ambazo Mheshimiwa alizisoma kwa kuzipima mkononi.

Upinzani ulikuwepo. Katibu mmoja alitazama nje kupitia kipande cha kale, akashtuka: "Citoyen mwenzangu, humu bendera inapinda." Nikamjibu kwamba haipindi, inacheza, na tangu lini Chama kimekataza kucheza?

Ndipo Mheshimiwa akauliza vioo kumi na viwili vilivyokosekana vingetoka wapi. Nikasema, mbele ya mashahidi, kwamba nitapata vya kale vyote, na nikikosa hata kimoja nihamishwe nikafundishe hesabu kijijini Tunda, mbali porini, mimi mwenye lisansi ya chuo kikuu katika historia. "Andika," Mheshimiwa akamwambia karani. Karani akaandika kwa furaha ambayo sikuipenda.

Nani alijua vilipo? Si vitabu vyangu. Fundi Okito, mkata vioo, alicheka tu: "Profesa, ile vioo iko mu manyumba ya watu. Wakati ya fujo kila mutu alibeba yake. Angalia mapicha ya ndoa." Na kweli, nusu ya maharusi wa Kindu, katika fremu zao ukutani, walikuwa wakitabasamu nyuma ya madirisha ya serikali. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, yeye na almasi yake ya kukatia, mimi na hoja zangu, tukitia kipya na kuchukua cha kale. Kazi yake ilichukua dakika tano. Yangu ilizidi kidogo.

Tukafikisha kumi na moja. Cha kumi na mbili kilikuwa kwa Mama Musau, mjane wa karani wa reli, ambaye majirani, wakisahau sheria iliyofuta majina ya Kizungu, bado humwita Adolphine. Nilimweleza urithi, wajibu na mwanga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto yangu, umesema muzuri. Sasa kuja hapa, uangalie bwana yangu mu picha. Iko anacheka?"

"Anacheka, mama."

"Siku ya ndoa hakucheka. Aliogopa mupaka jasho. Ni hii kioo njo inamuchekesha. Miaka kumi sasa tunaishi naye vizuri. Unataka unirudishie ule mwoga?"

Nimesoma wanafalsafa wengi. Nilimwachia kioo chake.

Basi, Mheshimiwa, asubuhi hii Okito ametia kioo kipya mahali pa kumi na mbili, akanishauri ninyamaze: "Hakuna mutu atajua." Tazameni shida yangu. Msipokiona, nimeponyoka Tunda, lakini kurasa zangu ni uongo, kwa kuwa kipya na cha kale ni sawasawa. Mkikiona, nimevunja ahadi, lakini nilisema kweli. Mtu aliyesoma achague nini?

Ni cha tatu kutoka kushoto, safu ya chini. Geukeni. Kimekodoa kama jicho la samaki sokoni, au siyo? Naona mnatikisa vichwa kukubali, hata karani.

Namshukuru Fundi Okito, na Mama Musau pamoja na mume wake anayecheka. Nanyi nawashukuru kwa kunivumilia hapa juani mkanisikiliza hadi mwisho. Mheshimiwa, niko tayari kwa Tunda. Naomba tu barua ya uhamisho itaje sababu: kwamba nilikuwa na haki.