Bawaba Ashuka Mizani

Baada ya miaka kumi na tisa ulingoni, bondia wetu wa uzito wa welter, anayejulikana kila mahali kwa jina la Bawaba, anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba. Kocha ameniambia niandike mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika ndoo kwenye kona yake muda wote huo. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona.

Alikuja hapa klabuni akiwa mpaka rangi nyumba, mwembamba kama mpini wa brashi yake. Jina la Bawaba alipewa wiki ya kwanza kwa ajili ya kiwiko chake cha kushoto: kinafunguka, kinafungika, na wewe umeshalala chini. Ameshinda mapambano mengi, amepoteza machache, na mkanda wa welter ameutetea mpaka ngozi yake ikachakaa. Hajawahi kumtukana mpinzani. Ubaya wake ni uchoyo wa sabuni na kuimba bafuni. Mkewe husema akianza kuimba hata mbu wanahama.

Kazi hii ina mizaha yake, na mkubwa ni wa mizani. Mwenzako akipanda kupima uzito, unamnyatia nyuma, unaweka kidole gumba cha mguu kwenye ubao, mshale unapanda, naye anaanza kulia kwamba amenenepa. Kocha alikuwa hata hageuki kuangalia. Mshale ukipanda anafoka tu, "Nani kaweka kidole? Toa mguu, mhuni wewe!"

Kazi hii ina mwiko pia: bondia haendi kumjulia hali mtu aliyempiga. Tunaambizana kwamba ukimwona kitandani, mkono wako utalegea. Kwa hiyo miaka minne iliyopita, Bawaba alipomwangusha ulingoni kijana mmoja, bondia aliyekuwa pia fundi viatu, kwa ngumi safi ambayo hata refa aliisifu, na kijana akalazwa hospitali asiamke tena, Bawaba hakwenda. Hospitali hakwenda, mazikoni hakwenda. Sisi sote tulimwambia amefanya vizuri.

Jumatatu iliyofuata alipanda mizani. Mshale ukapita kilo za welter, ukaenda zake.

"Nani kaweka kidole?" Kocha akafoka.

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa mbele ya Bawaba, tumekaa kwenye benchi tunafunga viatu. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kocha akaazima mizani nyingine. Ikasema vilevile. Nikapanda mimi, ikanipima sawasawa. Ajabu ni kwamba kwa macho Bawaba alikuwa anakonda. Kaptura ilikuwa inamvuka. Nikipiga deki, nilikuwa namwona akienda kukaa kwenye kona yake. Mbao za ulingo zinalia chini yake. Kisha zinalia tena pembeni yake, taratibu, kama mwingine naye anakaa.

Tangu hapo kila pambano akawa anajikausha. Anakimbia juani amejivika nailoni, hali, hanywi, anatema mate kwenye kopo mpaka mate yenyewe yanaisha. Alizifikia kilo za welter, na mkanda akautetea, lakini ndani ya kilo zile zilikuwamo za mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki kidogo sana. Daktari akamwambia figo zinachoka, akiendelea hivyo hatamaliza mwaka.

Siku moja mkewe alikuja mazoezini, akanivuta pembeni.

"Shemeji, mwambieni mwenzenu aache. Mimi nimeshindwa."

"Kwani nyumbani anasemaje?"

"Hasemi. Ila kitanda kinabonyea upande ambao hakuna aliyelala."

Nilichukua ndoo yangu nikaenda kubadilisha maji ambayo yalikuwa bado safi.

Mwezi Septemba mwaka huu likapangwa pambano jingine la mkanda. Siku ya kuamkia kupimwa, alishinda anapanda mizani na kushuka. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na mshale haurudi hata unywele. Mwishowe akakaa sakafuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Huyu si mzito, kaka. Mimi ndiye ninayembeba vibaya. Miaka yote hii nimezunguka naye, na kwao sijampeleka."

Kocha akasimama mlangoni. "Ukienda huko, mkono umekwisha. Na mkanda ndiyo basi."

"Uende."

Nilimshika kiwiko tukatoka, maana peke yake hakuweza kutembea wima. Mama wa fundi viatu anakaa chumba cha nyuma ya kibanda ambamo mwanawe alikuwa anashona viatu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwa ameweka vigoda vitatu, na sinia yenye bilauri tatu za maji. Hakuna aliyemtumia habari kwamba tunakuja.

"Karibuni, wanangu. Mmechelewa."

Tukakaa, mimi na Bawaba. Kigoda cha tatu kikabaki katikati yetu.

"Mama, mimi ndiye..."

"Nakujua. Lete mkono."

Akampa wa kushoto. Mama aliugeuza huku na huku, akauweka kati ya viganja vyake kama anayeupasha moto.

"Ndio huu?"

"Ndio, mama. Nisamehe."

"Kunywa maji kwanza. Mtu mkavu hasamehewi, anaanguka."

Bawaba akaitazama ile bilauri. Kwa maji yale tu, mkanda ulikuwa unaondoka. Akanywa mpaka tone la mwisho. Mimi nikamaliza yangu, na kwa kuwa kiu ilinizidi nikanyoosha mkono kwenye ya tatu.

"Hiyo mwachie mwenyewe," mama akasema. "Tangu mdogo hunywa polepole."

Nikarudisha mkono.

Tulipoaga, alitaka neno moja tu. "Usimpige tena mtoto wa mtu."

"Sitapiga, mama."

Nimebeba magunia tangu sijaota ndevu, kwetu na huku ugenini, na najua mtu anavyosimama mzigo ukimtoka. Magoti yanaruka, mwili unatangulia mbele kama ardhi imemsukuma. Bawaba alisimama hivyo hivyo, nikamdaka asigonge fremu ya mlango. Mama akaufunga nyuma yetu. Tukiwa bado kizingitini tulimsikia ndani akizungumza na mtu, kwa upole, na akinyamaza kidogo kila mara ili ajibiwe.

Asubuhi yake Bawaba hakwenda kupimwa. Alimkabidhi Kocha glavu zake, na mkanda umechukuliwa na mwingine. Hajauulizia. Sasa anamsaidia mkewe dukani, anakula, na daktari amemwambia figo zinaanza kumsikia.

Kaka Bawaba, kwa niaba ya wote waliokaa kwenye lile benchi, asante kwa jasho lako, na utuwie radhi kwa ushauri tuliokupa. Unywe maji kila ukisikia kiu. Tunakutakia mwili mwepesi, uzee mrefu, na usingizi wa mtu mmoja.