Nge wa Siku ya Kwanza

Mkunga mstaafu hakuwa na desturi ya kudakia mambo ya watu, ila binti aliyekaa naye kwenye treni alianza mwenyewe.

"Nashuka kituo kijacho, mama, nikamwambie mchumba wangu tuachane. Mimi Nge, yeye Simba. Nyota zetu haziivi chungu kimoja."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Mlevi?"

"Wala. Mpole mpaka anachosha."

Mkunga akabana kicheko. "Na nani kakwambia wewe ni Nge?"

"Cheti, mama. Nimezaliwa siku ya kwanza kabisa ya Nge, zahanati ile ya jirani na kiwanda cha sabuni."

Mkunga akajiweka sawa kitini, shingo wima. Zahanati ile aliishika peke yake miaka ishirini na saba, na hakupoteza mzazi hata mmoja.

"Basi nilikupokea mimi. Na daftari nililijaza nikishamaliza kazi: kwanza mama, kisha mtoto, kalamu mwisho. Kuna siku kalamu ilingoja mpaka kesho yake, na tarehe ya kesho ndiyo niliyoandika."

Binti akamtolea macho. "Kwa hiyo huenda nilizaliwa siku moja kabla, na mimi ni Mizani?"

"Hilo sijui, mwanangu. Ninachojua, ulilia vizuri, na mama yako alirudi nyumbani kwa miguu yake. Hayo sikuyakosea hata siku moja."

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Binti hakuinuka. Alikuwa ameinamia simu, anatafuta Mizani na Simba.