Benchi Lenye Kiraka cha Maua

Tangu kijiwe cha Birika, muuza kahawa, kipate benchi jipya, watu wakishakaa hawabanduki. Fundi Springi ndiye aliyelileta kutoka yadi ya malori iliyo ng'ambo ya barabara: refu, pana, sponji nene, ngozi nyeusi yenye kiraka cha kitambaa cha maua pembeni. Alipoulizwa kalitoa wapi, akajibu kwamba chuma chakavu hakina ukoo. Asubuhi hiyo watu wanne walikuwa wamelikalia: Fundi mwenyewe, Breki aliyestaafu udereva, Wakili ambaye mahakama anaijua kwa nje tu, na Masafa, shemeji yake Birika, dereva wa safari ndefu. Masafa alishuka kwenye lori alfajiri, akalipapasa benchi, akaketi, akalala papo hapo, kikombe mkononi, mguu wa kulia bado unakanyaga mafuta. Na kule yadi walishaanza kumpakilia mzigo mwingine. Birika alimtazama, roho ikamchemka.

— Safari iliyopita aliingia mtaroni, akasema. — Mungu tu kamnusuru. Leo wanamrudisha barabarani hata shati hajabadili. Huu ni utu?

— Uzembe wake, Wakili akadakia. — Wahenga walinena, mpanda ngazi hushuka. Ukipanda lori, shuka ukifika.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango wa dereva.

Breki akakohoa, maana udereva ni wake.

— Enzi zetu tulitafuna pilipili, bwana. Usingizi ukizidi, unajipaka machoni.

— Halafu barabara unaionea nini?

— Uzoefu.

— Acheni hizo, akasema Fundi. — Mchawi ni ule mstari mweupe. Umenyooka, unakubembeleza, unasinzia. Wangeuchora umepindapinda, dereva apate kazi ya kuufuata.

— Akiufuata si ataingia mtaroni?

— Ataingia akiwa macho.

— Dawa ni kulala kwa zamu, akasema Wakili. — Jicho la kulia lilale mlimani, la kushoto lilale mteremkoni. Nasikia kuna ndege wanalala hivyo hivyo angani.

Birika akakita birika juu ya jiko.

— Hao ndege wana tajiri? Kuna mtu anawapigia simu kila wakitua, kuwauliza mbona wamesimama? Mchumia juani hulia kivulini, si ndivyo mnavyosema? Basi huyu anachuma juani, na mwingine ndiye anayelia kivulini. Siku lori likipinduka mtasikia dereva alikuwa mzembe. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

— Basi tumwamshe anywe kahawa chungu, Wakili akasema.

— Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, akajibu Breki. — Na mimi mchana nina mechi ya kutazama.

Hapo akatokea mke wa Masafa, dada mdogo wa Birika, na mfuko wa nguo safi za mumewe.

— Shikamoo kaka. Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Akamtazama mumewe alivyojikunja, kisha akawageukia.

— Mimi nina swali moja tu. Lile lori lilikuwa na kitanda nyuma ya kiti. Zamani alikuwa anaegesha, anajinyoosha kidogo, ananipigia simu akiamka. Siku hizi ananiambia kitanda hakuna. Kimekwenda wapi?

Breki akachungulia kikombe kilichokuwa kitupu. Fundi Springi akawa anafuta mikono isiyo na grisi.

Macho ya yule dada yakashuka kwenye benchi, yakatulia pembeni.

— Hicho kiraka nilikishona mimi.

— Tajiri alitaka nafasi ya maboksi, Fundi akasema kwa sauti ndogo. — Mimi niliambiwa nifungue nati tu, shemeji.

Wakasimama mmoja mmoja. Fundi akashika miguu, Birika akashika kichwa, wakamlaza Masafa kwa urefu wake wote. Mguu wa kulia ukaacha kukanyaga.

Kutoka geti la yadi msimamizi akapaza sauti: mzigo umefungwa, dereva apewe kahawa nzito aje haraka.

Birika akainua birika, limejaa, asubuhi yote ya biashara imo ndani. Akalimimina lote mavumbini mpaka tone la mwisho.

— Kahawa imekwisha, akajibu. — Na mwambie tajiri, dereva yuko kitandani kwake.