Kang'ethe wa Ruiru, Aliyesema Hazivuji

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Kang'ethe, fundi wa redio wa Ruiru, aliyezikwa Alhamisi iliyopita. Wengi wenu mna kanda alizorekodi yeye: za harusi, za kwaya, za mahubiri. Kang'ethe, fundi wa Ruiru. Huyo ndiye tunayemwongelea.

Nitaongea sana juu ya hedifoni, mnivumilie. Hedifoni ni kile chombo cha kuvaa masikioni ili usikilize muziki peke yako. Nasema peke yako. Shikeni hilo neno.

Duka la Kang'ethe lilikuwa karibu na stesheni ya reli. Ndani kulikuwa na benchi la mbao, na Jumapili alasiri watu wa kupenda sauti walikusanyika hapo. Mimi mtu wa kutangatanga. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kiandutu, kule Thika. Nilifika benchini siku moja, nikaendelea kufika. Sheria ya benchi ilikuwa moja. Mtu akivaa hedifoni, wengine wote kimya, mpaka azivue na aseme alichosikia.

Sasa ubishi. Kang'ethe alikuwa na hedifoni za Kijapani, nzito, zimezibwa nyuma, zinakumbatia sikio lote. Rafiki yake Abdulkarim, muuza vitambaa kutoka Thika, alikuwa na za Kijerumani. Hizo zilikuwa wazi nyuma, zina wavu kama chujio la chai. Binti yake Zahra ndiye aliyemtumia, kutoka Jeddah, alikokwenda kuwa nesi. Abdulkarim alizibeba zimefungwa kwa taulo safi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzijaribu. Narudia, wapendwa: hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzivaa. Ukiziomba, anakwambia ni za mtoto wake, na maneno yanaishia hapo.

Abdulkarim alisema hedifoni zilizozibwa ni kusikiliza muziki ukiwa ndani ya tangi la maji. Besi inavuma tu, mwimbaji anakosa pumzi. Kwa zake, alisema, unasikia hata ukumbi wenyewe, unajua mwimbaji amesimama wapi. Kang'ethe alisema besi isiyo na ukuta ni kelele ya kuku. Tena alikuwa na sababu ya kazi. Ukirekodi kwaya na hedifoni zilizo wazi, sauti inatoka masikioni mwako na kurudi tena kwa maikrofoni.

"Hiyo kitu yako inavuja, Karim," alimwambia. "Ni nyumba haina mlango. Hata mwizi akipita anaimba na wewe."

"Wewe hujawahi kuivaa. Utajuaje?"

"Na wewe hujawahi kukaa kando yake. Utajuaje?"

Tulicheka mpaka machozi. Miaka ikaenda hivyo. Lakini sisi wa benchi tuliona jambo. Kila mara Kang'ethe akisema zinavuja, Abdulkarim aliumia kuliko mtu anavyoumia kwa ajili ya chombo. Kwake, kuzisema vibaya hedifoni ilikuwa ni kusema Zahra hakujua kununua.

Ile Jumapili ilikuwa ya mwaka wa tisini na tano. Junaid, jirani yake Abdulkarim, alikuwa ametoka Umra. Akapitia dukani na kanda mkononi. Mnakumbuka barua nyingi za Arabuni zilikuja kwa kanda: mtu anaongea, anatuma. Hii ilitoka kwa Zahra. Deki ya Abdulkarim ya nyumbani, ile mashine ya kuchezea kanda, ilikuwa imeharibika, iko hapo hapo mezani kwa Kang'ethe, tumbo wazi. Basi mzazi hakuweza kungoja. Akaomba deki ya duka, akavaa hedifoni zake, akafumba macho. Sisi tukanyamaza, kama sheria inavyosema.

Zahra alikuwa akinong'ona. Abdulkarim akaongeza sauti. Halafu akaongeza tena.

Wasikilizaji wapendwa, tulisikia yote.

Nisingethubutu kuyarudia, lakini nimemwuliza Zahra mwenyewe. Amenijibu, "Sema yote, mzee. Niliosha sakafu, sikuiba." Kwa hivyo nasema. Sauti ilitoka kwenye wavu wa hedifoni, nyembamba lakini safi, ikituambia hivi:

"Baba, mimi si nesi. Ninaosha nyumba ya watu. Pasipoti yangu wameishika. Na zile hedifoni sikununua. Kijana wa hapa alizichoka akazitupa, nikaziokota. Naona aibu, Baba. Usimwambie mtu."

Usimwambie mtu. Na benchi zima tumeketi hapo.

Hakuna aliyejua pa kwenda. Ukisimama, atafumbua macho akuone. Musau, mwalimu wa kwaya, aliinama akawa anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Kang'ethe aliinamia ile deki mbovu mpaka nikadhani ataingia ndani. Mimi niliangalia ukuta. Hata sasa nikikumbuka, uso unanichoma.

Abdulkarim akazivua. Macho yalikuwa mekundu. Akauliza kwa nini tumenyamaza hivyo. Kang'ethe akajibu kwamba tulikuwa tunamngoja yeye, kama kawaida.

"Mtoto anaendeleaje?" akamwuliza.

"Salama. Wamempandisha cheo hospitalini."

Kang'ethe akapangusa mkono kwa suruali, akampa. "Hongera, Baba Zahra."

Jumapili iliyofuata Abdulkarim alikuja, lakini hakuwa yule. Alikaa pembeni akitutazama mmoja mmoja usoni. Alitaka kujua kama tulisikia, na hakuweza kuuliza. Akavaa hedifoni zake, akaweka kanda ya taarabu. Tulisikia hata ngoma. Alipozivua, Kang'ethe alisimama.

"Karim, leo nimetega sikio vizuri. Zile siku zote nilikuwa na wivu tu. Hiyo hedifoni haivuji." Akageuka. "Musau, wewe umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu," akasema Musau. Mwalimu wa kwaya, mtu anayejua sauti moja ikipotea kati ya waimbaji wote. Halafu Kang'ethe akaniuliza mimi. Nami nikasema sijasikia kitu.

Mabega ya Abdulkarim yakashuka. Akacheka, na sisi tukacheka naye, vibaya vibaya.

Kuanzia hapo akamtangaza Kang'ethe mpaka Thika sokoni. Fundi wa Ruiru amekubali kushindwa. Mbele ya wateja alimwita masikio ya mbao, na Kang'ethe akaitika. Kwa fundi anayekula kwa masikio yake, hilo si jambo dogo. Kuna kwaya iliyomhama kwa sababu hiyo. Mkewe Wakonyo alimwuliza kwa nini asijitetee. Alimjibu kwamba kazi nyingine itakuja.

Deki ikatengenezwa, ikarudi Thika. Baadaye kanda nyingine ya Zahra ikafika. Mkewe Abdulkarim, Mama Zahra, akaomba angalau leo avae yeye zile hedifoni, amsikie mtoto vizuri. Abdulkarim akampa. Ndiyo mara ya kwanza mtu mwingine kuzivaa. Yeye akakaa upande wa pili wa chumba, anakunja vitambaa.

"Nikasikia mtoto wangu akiongea kutoka kichwani kwa mama yake," ameniambia Abdulkarim mwenyewe. "Kila neno, mzee. Nikajua benchi yote ilisikia. Nikajua Kang'ethe alinipa mkono akijua. Na mimi nilikuwa nikimwita masikio ya mbao."

Hakukanyaga Ruiru tena. Watu walidhani ni hasira. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu. Akienda Nairobi kununua vitambaa, basi likifika Ruiru anajifunika gazeti usoni mpaka lipite. Kang'ethe akituma salamu, hazijibiwi.

Na Kang'ethe naye hakuelewa. Mama Emmah, yaani Wakonyo, mjane wake, amenieleza hivi: "Kila Jumapili alipangusa ile nafasi ya Karim kwa benchi. Ananiuliza, Mama Emmah, kwani huyu mtu nilimkosea wapi?" Mara kadhaa alivaa koti aende Thika, akalivua. Aliogopa kwamba akifika, itabidi ile Jumapili itajwe. Hivyo ndivyo walivyokaa, mmoja Thika, mmoja Ruiru, kila mmoja anamwonea mwenzake aibu, mpaka mwaka huu kifua kikambana Kang'ethe na hakuamka.

Alhamisi Abdulkarim alikuja mazishini. Alikuwa amevaa kanzu, ameshikwa mkono na Zahra, ambaye amerudi nyumbani. Marafiki walipoitwa waseme neno, Abdulkarim akasogea mpaka kaburini. Hakusalimia watu. Alisema na aliyelala pale.

"Zinavuja, Kang'ethe. Zilivuja tangu siku ya kwanza. Ulisema kweli, nami nikakucheka."

Watu wa kanisa walitazamana, hawakuelewa. Yeye akashindwa kuendelea. Ndipo Musau akaongea kutoka upande wa kwaya, polepole.

"Sisi hatukusikia kitu, Baba Zahra."

Na sisi wengine wa benchi tukasema hivyo hivyo. Hatukusikia kitu.

Kwa Mama Emmah, kwa Emmah, kwa ukoo wote pale Ruiru, pokeeni pole zetu. Kwako Abdulkarim pia, pole, kwa maana umefiwa na rafiki ambaye hukumuaga. Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna mlango umeacha kuupita kwa sababu mwenye nyumba anajua jambo lako. Huenda alilijua zamani, akalilaza, na sasa anakungoja. Nenda angali anaweza kukufungulia.

Mama Emmah amesema Jumapili duka litafunguliwa. Benchi ameshalipangusa lote.